Kamyoni Isiyopona

Guylain alijipangusa mikono yenye mafuta ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye kiti cha gari alichokuwa anakiuza, kisha akauliza, "Leo imekufa nini tena, muzee?"

"Usukani," alisema Sebahire.

Guylain alicheka hadi kipande cha samaki kikamtoka mdomoni na kuangukia rundo la breki. Hakukiokota.

Sebahire aligeuza uso. Kila alipoingia katika kibanda hiki cha vipuri vikuukuu, hapa mtaani Murara, alisimama karibu na mlango. Si oili iliyomkera. Oili aliizoea, alikuwa mkulima wa viazi, na kamyoni yake ya zamani ndiyo iliyoshusha mazao ya wakulima wa Rutshuru hadi masoko ya Goma. Kilichomtia kinyaa ni mtu huyu: kucha zake, mate aliyotema popote, na vile alivyosogeza vipuri kwa mateke, kana kwamba havikuwahi kuwa vya mtu.

Hata hivyo, tangu siku alipokuja hapa kutafuta kioo cha pembeni, hakwenda tena kwa muuzaji mwingine. Baada ya kioo alinunua taa. Baada ya taa, mlango. Kisha demareri, ile mashine ya kuwashia injini. Hakuleta hata siku moja kile kilichoharibika ili walinganishe, wala hakubishania bei. Alipitisha vidole juu ya chuma, taratibu, akalipa, akaondoka.

Nyumbani kwake Mugunga, mkewe Apolline alimngojea kila mara na swali lilelile.

"Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe."

Hapo Apolline alikipokea kile kipuri na kukiosha kwa sabuni na maji ya moto, polepole, kama anayeosha sahani za wageni. Sebahire yeye alikwenda kunawa mikono. Akishamaliza, alinawa tena.

"Hiyo kamyoni yako ni mufu, muzee," Guylain alisema sasa. "Mi ningekuwa wewe ningeiuza kama vyuma."

"Bado inanilisha."

Guylain alipita nyuma ya pazia, akarudi na kitu ndani ya gunia, akakitupa mezani. Ulikuwa usukani. Mzingo wake ulikuwa umezungushiwa vipande vya mpira wa tairi, vyeusi na vyekundu, vimeshonwa kwa mkono kwa uangalifu mkubwa. Sebahire aliushika kwa mikono miwili na hakuuachia.

"Hii ni muzuri," Guylain alisema. "Haikupita kwa mutu mwingine. Nilifungula mimi mwenyewe."

"Wapi?"

Guylain alitazama mlangoni, akashusha sauti. Haikuwa aibu. Ilikuwa raha ya mtu mwenye hadithi tamu.

"Barabara ya Rutshuru, wakati wa zile fujo. Kamyoni ilikuwa imelala ubavu. Dereva alikuwa bado ameshika hii kitu. Ilibidi nimufungule vidole, kimoja kimoja."

"Alikuwa amekufa?"

"Karibu. Alikuwa anaomba mayi ya kunywa." Guylain alichokoa jino kwa ukucha, akautazama ukucha wenyewe. "Lakini mi nilikuwa na kazi, muzee. Ningechelewa, wengine wangechukua."

Sebahire aliuvuta usukani kifuani. Alipofungua kinywa, sauti yake ilikuwa ileile ya mtu anayeagiza maharagwe sokoni.

"Mekanisiye wangu anaharibu tu magari. Njoo uifunge wewe mwenyewe. Nitakulipa kazi ya siku nzima."

Guylain aliacha samaki wake bila kumaliza.

Kamyoni ilikuwa imeegeshwa kando ya barabara, imejaa vumbi na mabaki ya majani ya kabichi. Guylain alijiandaa kusukuma, kwa jinsi alivyojua maradhi yake yote. Lakini Sebahire alizungusha ufunguo, na injini ikaitika hapohapo, safi, bila moshi.

Guylain alipanda upande wa pili. Alitaka kuupakata usukani, ila Sebahire alikuwa ameshauvika koti lake na kuulaza kati yao.

"Muzee, hii moteri haiko mugonjwa," Guylain alisema walipokuwa wameshika njia ya Sake. Aliutazama usukani ambao mzee alikuwa anauzungusha, ulikuwa mzima. "Na hii ya sasa iko na shida gani?"

"Utaona tukifika."

Guylain aliinama dirishani. Kioo cha pembeni hakikuwa kile alichomuuzia. Mlango nao haukuwa ule. Pesa ya siku nzima ni pesa, na wazee wana mambo yao.

Kule Mugunga, Sebahire aliingiza kamyoni hadi ndani ya ua, akashuka na usukani mkononi, akafunga lango. Alimtangulia Guylain hadi nyuma ya nyumba.

Juu ya mawe meusi ya volkano vilikuwa vimepangwa kioo, taa, mlango na demareri, kila kimoja mahali pake, kwa umbo la kamyoni iliyolala. Vyote vilikuwa vimeoshwa vikang'aa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimefungwa tena kwenye gari lolote.

Apolline alisimama kutoka kwenye kigoda. Aliuona usukani ndani ya koti, na safari hii hakuuliza kitu.

"Mutoto wetu aliomba mayi, Apolline," Sebahire alisema. "Huyu ndiye aliyeombwa."