Maandishi ya Pembeni

Siku hizi karatasi ya wimbo hukaa katika kitabu kimoja tu cha kielektroniki. Ukimtumia mwenzako, noti zote za gitaa huondoka nayo, na gitaa lako haliutoi tena wimbo huo.

Ambakisye alikuwa akiyajua hayo tayari binti yake Atupele alipompigia simu kutoka Songea, kichanga kikimlilia begani.

"Baba, nitumie ule wimbo wa kubembelezea aliotunga mama. Mjukuu wako ana mapafu ya tarumbeta!"

"Kamrithi bibi yake huyo," Ambakisye alicheka.

Tangu mkewe afariki, aliupiga wimbo ule kila jioni. Akagusa "Tuma". Kitabu kikauliza: pamoja na maandishi ya pembeni? Akasita, kisha akajibu hapana.

Muda si mrefu akamsikia Atupele akipiga gitaa lake simuni, na kilio kikapungua taratibu hadi kikaisha.

"Amelala, baba. Asante."

Ambakisye akagusa nyuzi za gitaa lake aupige wimbo ule. Hazikulia. Kwenye kioo cha kitabu, karatasi ilikuwa tupu, isipokuwa maneno aliyoyaandika mkewe zamani: "Hapa punguza sauti, Ambakisye, mtoto anasinzia."

Akaendelea kuzipiga nyuzi zile zisizolia, polepole zaidi.