Harusi kwa Lenzi Kuukuu

"Hebu niambie, bwana, siku nzima ile ulikuwa unatazama nini?"

Mama Harusi alikuwa amesimama kwenye korido ya ghorofa ya pili, albamu imefunguliwa mikononi mwake kama sahani anayomrudishia mpishi. Jina hilo alibandikwa alipoanza kuandaa harusi ya binti yake wa pekee, na harusi ilipokwisha, jina likagoma kutoka. Mbele yake, kwenye kizingiti cha mlango wake mwenyewe, mpiga picha alikuwa ameinamisha kichwa.

"Samahani, jirani."

"Samahani nitaibandika ukutani? Tazama. Hapa mwanangu anakata keki, sura kama imechovywa kwenye maziwa. Hapa anavishwa pete, ukungu. Hapa yeye na mumewe, ukungu na mwenzake."

Milango ilikuwa imeshaanza kufunguka. Kinyozi wa chini alipanda ngazi na mashine yake mkononi, mteja kamwacha nusu kichwa.

"Taratibu, Mama Harusi," alisema, akichungulia albamu. "Labda bibi harusi alikuwa anatetemeka kwa furaha."

Watu wakacheka. Mpiga picha hakucheka.

Kila mtu alijua mchawi ni nani: ile lenzi. Kamera ilikuwa mpya kabisa, ya kisasa, lakini mbele yake jamaa alikuwa amefunga lenzi ya chuma iliyomzidi umri yeye mwenyewe, ameiunganisha kwa kipete cha chuma alichoagiza ili vishikane. Wakati wa maandalizi alimweleza Mama Harusi kwa nini anaipenda, macho yakimng'aa kama ya mtoto. Lenzi za siku hizi zinajitafutia sura zenyewe, alisema. Ukibonyeza tu, zimeshakuamulia. Hii lazima uizungushe kwa vidole, polepole, mpaka yule unayemtaka aje wazi. Wengine wote inawalainisha.

"Ina tabia yake," alimwambia.

"Hata marehemu mume wangu alikuwa na tabia zake," Mama Harusi alimjibu siku hiyo, na wakacheka wote wawili mpaka chai ikapoa.

Leo hakuna aliyekumbuka chai.

"Kesho mama mkwe wa mwanangu anakuja kutazama albamu," alisema. "Wale watu walitaka kuleta studio nzima, na mataa yao. Mimi nikajitutumua, nikasema hapana, tunaye jirani yetu, mkono wake naujua. Sasa nitamwonyesha nini yule mama? Moshi?"

"Lenzi haina kosa," mpiga picha alisema kwa sauti ndogo. "Kosa ni langu."

"Basi ni macho. Kama umekuwa kipofu si ungesema?"

Neno lilishatoka. Hata kinyozi akaanza kupuliza nywele kwenye mashine yake kama aliyekumbuka kazi. Mpiga picha alitikisa kichwa kidogo, akaingia ndani, akaufunga mlango taratibu, vile mtu anavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Angeubamiza, Mama Harusi angelala vizuri zaidi.

Binti yake alipofika jioni alimkuta mama ameshapika, ameshapakua, na hajagusa kitu. Akasimuliwa habari za picha. Halafu, baada ya kuzungushazungusha, akasimuliwa na habari ya lile neno.

"Mbele ya watu, mama?"

"Ulimi, mwanangu. Uliniponyoka."

"Mtu aliyetubebea viti alfajiri? Aliyekataa kuchukua chochote, akasema ni zawadi yake?"

"Usinikumbushe." Mama Harusi alijifunika uso kwa mtandio. Sasa mengine yalikuwa yanamjia yenyewe. Albamu ilivyocheleweshwa kwa visingizio, leo mashine mbovu, kesho karatasi zimekwisha. Jinsi jamaa alivyoiacha ndani ya mfuko, imening'inia kwenye kitasa cha mlango wake, akagonga, na kushuka ngazi mbio kabla hajafunguliwa. Alijua alichokifanya. Alikuwa na aibu yake tangu mwanzo, na yeye akaenda kumwongezea nyingine ya bure.

"Tutafute moja tu iliyo nzuri," alisema. "Nimwonyeshe huyo mama, yaishe."

Wakaketi sakafuni, albamu katikati. Mama Harusi aliivuta karibu na taa, akaanza upya, akifuata shela jeupe ukurasa kwa ukurasa. Ukungu. Ukungu.

Binti yeye alikuwa anatazama pembeni mwa picha. Kisha akaanza kucheka chinichini.

"Mama, wewe unanitafuta mimi tu."

"Nimtafute nani mwingine? Harusi ya nani?"

"Angalia nyuma. Huku pembeni."

Akaweka kidole nyuma ya keki. Pale, kwenye mlango wa jikoni, mwanamke aliyekunja mikono ya gauni alikuwa ameshika mwiko, na kila tone la jasho kwenye paji la uso wake lilionekana. Binti akafunua. Nyuma ya pete, kati ya vichwa viwili vya ukungu, mwanamke yuleyule alikuwa anacheka, pengo lake la pembeni limetoka wazi. Akafunua tena. Kwenye kona ya mbali ya ukumbi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, viatu amevua, anapumzika akidhani hakuna anayemtazama. Na hata uzi uliochomoka kwenye pindo la gauni ulikuwa unaonekana.

Mama Harusi akainua kiganja, akaziba mdomo, kulificha pengo.

Halafu akanyanyuka, akavuka korido, akagonga. Mlango ulipofunguka, macho yake yaliishia kwenye vifungo vya shati la jirani, yakakataa kupanda.

"Nimepika," alisema. "Njoo kwetu ule."