Mlango wa Dereva

Mama yake alipofika gereji ya mtaa wa Ghala, Hilal alikuwa amekwisha kulikata paa la pikapu ya marehemu baba yake na kuing'oa milango, aiunde upya iwe gari fupi la kutu la mtindo wa kisasa, la kujifakharisha nalo kwa vijana wenziwe.

Mama akalizunguka polepole.

“Mlango wa dereva u wapi, mwanangu?”

“Nimeukatakata, mama. Watu wa vyuma chakavu washauchukua.”

“Pale dirishani rangi ilikwisha kwa kiwiko cha baba yako. Nlitaka kupashika tu.”

Hilal alipakumbuka. Asubuhi ile alipapitishia kidole gumba, chuma kitupu, laini, kisha akawasha grenda ya kukatia.

Mama akapanda, akaketi upande wake wa abiria. “Njoo,” akamwambia, akikipapasa kiti cha dereva.

Hilal hakuthubutu kukikalia.