Bima ya Koplo Ndimbo

Sheria ilikuwa wazi: mwanajeshi mstaafu aliyepita miaka sabini hutibiwa na serikali maadamu mmoja wa watoto wake yuko vitani. Koplo mstaafu Ndimbo alikuwa na mabinti wawili. Mkubwa, Editruda, ndiye aliyejitolea kwenda ili damu ya baba yake iendelee kusafishwa.

Jumatano hiyo muuguzi alimchoma sindano kama kawaida, lakini mashine haikuwaka. Akasoma kwenye kioo cha kompyuta yake, kisha akavuta kiti akaketi.

“Pole, mzee. Bima yako imefungwa tangu asubuhi.”

“Mwanangu yuko mpakani,” Ndimbo alisema.

Muuguzi aliinamisha macho, na mzee akaelewa kilichompata Editruda. Alilia kimyakimya, sindano ikiwa bado mkononi.

“Nyumbani kuna mwingine?” muuguzi aliuliza kwa upole. “Ukimtaja sasa, mashine itawaka.”

Ndimbo alikaza midomo. Lakini pumzi ilikuwa imeanza kumbana.

“Sesilia,” alisema.

Mashine ikaanza kunguruma. Baada ya muda Sesilia aliingia na chupa ya uji.

“Mbona leo wamechelewa, baba?”

“Mashine ilisumbua kidogo tu, mwanangu,” alisema, akaupokea uji.