Mkono Juu ya Ukuta

Laini ya bei nafuu ilishika mtandao barabarani tu, nje ya geti, na Mwanahamisi hakuweza kutoka. Alikuwa bado na siku tisa za kukaa eda ya mumewe. Laini ya ghali ilishika hadi chumbani, lakini bando alilomudu lingekatika kabla usaili wake wa kazi mtandaoni haujafika nusu. Na kazi yenyewe ilikuwa ya kufanyia nyumbani.

"Chukua ya rahisi, dada," alisema mdogo wake, Shaweji. "Nitasimama nje na simu, nikurushie mtandao."

Saa nne kamili Mwanahamisi alikaa dirishani na kompyuta ya kuazima. Juu ya ukuta wa uani ulichomoza mkono wa Shaweji, umeinua simu. Kila uliposhuka kidogo, sura za wasaili ziliganda. Alijibu harakaharaka, jasho likimtiririka, macho yakikimbilia ukutani.

"Swali la mwisho, Bi Mwanahamisi," alisema mwanamke kwenye kioo. "Hapo nyumbani kwako, intaneti ni ya uhakika?"

Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka.

"Ni ya uhakika," alisema.

Juu ya ukuta, mkono wa pili ulipanda taratibu, ukaushika wa kwanza kwenye kiwiko.