Vipande Viwili Chini ya Gati

Haya nilisimuliwa na Perina mwenyewe mwaka jana, tukichambua zeituni jikoni kwake.

Mumewe, Vicko, alikuwa msubu shaba, akiiyeyusha na kuimimina kwenye kalibu. Ng'ambo ya bandari alikuwapo msubu mwingine, Dujam, na kila mmoja alikuwa na mchanganyiko wake. Kiwanda cha meli kikataka rafadha, yale mapanga ya kusukuma meli, zisizoliwa na maji ya chumvi. Msimamizi, mzee Luka, akachukua kipande cha shaba kwa kila mmoja, akavipima kwa mizani ya duka la dawa, akavitundika kwa kamba chini ya gati.

"Mwaka mmoja," akasema. "Atakayeshinda atasubu rafadha zote."

Vicko akamwambia mkewe, "Nikishindwa, nazima tanuri. Naenda Ujerumani kuchimba makaa."

Perina alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Tangu siku ile hakutulia. Alikoroga supu, akaacha mwiko, akaenda dirishani, akarudi. Kila alfajiri alishuka gatini na mchanga na kipande cha gunia, akavuta kamba, akasugua.

Jirani yake Jakica akamfuma.

"Ee shoga, shaba ya mumeo unaing'arisha hivyo, na sufuria zako nyeusi tii?"

"Sufuria haziwezi kunichukulia mume."

"Marehemu baba yako, msubu hodari yule, angekucheka."

"Baba ndiye aliyenifundisha shaba," Perina akasema, mkono hauachi kusugua. "Nawe ufunge mdomo."

Mwaka ukatimia. Watu wakajaa gatini. Perina akasimama nyuma kabisa, mtoto begani, akitafuna ncha ya kitambaa chake.

Kipande kimoja kikatoka kimevaa ukijani. Cha pili kikatoka kiking'aa kama kioo, na watu wakakipigia makofi.

Mzee Luka hakupiga. Akaviweka mizanini, kimoja kimoja, akarudia tena.

"Hiki kinachong'aa kimepungua mno," akasema. "Ukijani ndio ngozi ya shaba. Hiki hakikupata ngozi, bahari imekila mwaka mzima. Kimeshinda cha kijani."

Perina akakaa chini palepale, juu ya mawe.

Jioni Vicko alijitupa kitandani na viatu vyake.

"Maskini Dujam," akasema. "Chake kiling'aa vile, kumbe kinaliwa. Changu mimi, mwaka mzima hakuna aliyekigusa."

"Lala, baba Ante. Kesho una tanuri la kuwasha."

Vicko akaanza kukoroma. Perina akaficha chini ya mto vidole vyake vilivyochubuka kwa mchanga, naye akalala.