Ukurasa Usiojua Kungoja

Priscille aliliona kosa saa tatu asubuhi, akanyamaza.

Lilikuwa neno moja tu. Carlos, mkuu wa ofisi, alikuwa amelifuta ili vyeti vitoke haraka. Ndilo neno lililoiambia programu ingoje majina yaletwe kwanza, ndipo cheti kiandikwe. Kiolezo cha cheti chenyewe hakijui kungoja. Kikiitwa kinaandika papo hapo, kutoka juu hadi chini, na mahali pa kile ambacho hakijafika panaachwa peupe. Carlos alikijaribu kwa majina aliyoyachapa ndani kwa mkono wake, akaona kila kitu kizuri.

Miezi minane Priscille aliijenga programu ile peke yake kwa ajili ya shule ya ushonaji ya Makiso. Kadi za mwaliko wa sherehe ya vyeti zilipotoka, zilitaja mjenzi mmoja wa programu: Carlos. Siku ile hakula. Sasa alijiambia kwamba washonaji watachapishiwa vyeti vingine kesho, lakini aibu ya leo itabaki na mwenye jina kwenye kadi.

Carlos akachungulia mlangoni, amevaa koti la sherehe.

"Priscille, jina yako yote inaandikwaka namna gani?"

"Ya nini, chef?"

"Bon, nataka kuiweka kwa liste."

"Ya chakula?"

"Weka hivyo." Akacheka. "Na programme, uliangalia? Mbele ilikuwa inatembea kama baiskeli ya toleka yenye pneu ya kupasuka. Sasa inakimbia. Iko sawa?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Alimtazama machoni.

"Iko sawa kabisa, chef. Si wewe njo ulimaliza kazi?"

Carlos akainamisha kichwa kidogo, akaondoka.

Ukumbini Priscille alikuta amewekewa kiti cha mbele, karibu na feni. Kando yake alikaa mama yake, Mama Delphine, katika kitenge kipya.

"Mama, nani alikuleta?"

"Chef yako alituma gari mpaka kwa mlango. Mutu muzuri ule."

Priscille akauma meno. Kumbe amemleta mama ampigie makofi. Basi na aone.

Carlos akasimama mbele ya wazazi na wageni, washonaji arobaini wakiwa wamepangwa nyuma yake.

"Mbele ya hawa ba-maman," akasema, "tuko na brevet moja ya kwanza. Nilikosea kwa zile kadi. Leo ninatengeneza."

Akabonyeza kitufe cha kompyuta. Ukutani pakatokea maandishi makubwa ya dhahabu: *Cheti cha heshima kwa aliyeijenga programu hii kwa mikono yake, miezi minane.*

Watu wakaanza kupiga makofi, kisha makofi yakapungua.

Mama Delphine alitoa miwani mkobani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akasogea mbele kutafuta jina la binti yake pale palipokuwa peupe.